Mazabodi ya Daraja la Kati

Jumatatu, 3 Julai

Ikirezi amepiga simu kutoka Kigali. Shule zinafungwa wiki ijayo, naye atakuja kwangu Jumamosi ya tarehe kumi na tano na kukaa mwezi mzima. Mjukuu wangu wa pekee! Nilivuta kiti nikaketi kabisa, ili nifurahi vizuri. Kisha akauliza kama ile kompyuta ya kwa Mama Cansilde bado ipo.

Hakuuliza habari ya mgongo wangu. Hakuuliza kuku. Aliuliza kompyuta ya jirani.

Naikumbuka Krismasi iliyopita. Mtoto alilala kwangu lakini aliishi kwa Cansilde. Alivuka ua wa minyaa asubuhi na gauni la kulalia, akarudi kula, akavuka tena. Kule yuko Nshuti, mjukuu wa Cansilde, mwenye kompyuta ya michezo. Wanaendesha malori ambayo hayapo, yaliyobeba mizigo ambayo haipo, kwenye milima ambayo haipo. Na milima ya kweli ya Bugeshi iko dirishani, bure! Cansilde aliwapelekea maandazi huku akinitazama juu ya ua kwa huruma. Huruma! Mimi Donatha, niliyekuwa mwalimu wa nidhamu wa shule ya bweni ya wasichana, ambaye hadi leo nikipita sokoni wanawake wazima wenye wajukuu wanaficha simu!

Nimeamua. Nitaunda kompyuta yangu mwenyewe.

Nimempigia mwanangu Mugabo, baba yake Ikirezi. Kwanza alicheka (nimeliweka moyoni). Kisha akasema amebadilisha vyombo vyake, kwa hiyo prosesa (hiyo ndiyo akili ya kompyuta), rami, kadi ya picha na pawa saplai vya zamani atanitumia kwa basi. Nitafute kasha tu, na mazabodi, yaani ule ubao mpana ambao vitu vingine vyote vinachomekwa juu yake. Akasema ninunue ya daraja la kati, inatosha kabisa. Akasema pia kuna jambo moja nisilisahau hata kidogo, tena niliandike. Mimi siandiki maagizo ya mtoto niliyemnyonyesha.

Daraja la kati! Nimelipenda neno hilo. Si ya mnyonge, si ya mwenye majivuno. Kama mimi.

Lile jambo nimeshalisahau.

Jumatano, 5 Julai

Kifurushi kimefika. Prosesa ni kitu kidogo kama biskuti, na chini yake ina vijiguu vingi vya rangi ya dhahabu, kama jongoo aliyepata utajiri. Niliifunga kwenye leso nikaenda nayo dukani kwa Igor, nyuma ya soko.

Igor alikulia Uganda na anachanganya Kiingereza katika kila sentensi, nadhani hata anapokohoa. Ana mazabodi mbili tu. Moja ni ndogo, imepauka, haina urembo wowote. Nyingine ni kubwa, nyeusi inayong'aa, yenye mapezi ya chuma kama samaki wa ajabu, na taa zake, alisema, hubadilika rangi zote za upinde wa mvua. Zote mbili ni za daraja la kati.

Nilifungua leso. Igor akaitazama prosesa, akazitazama mazabodi, akanisogezea ile ndogo.

"Madamu, hii ndogo ndiyo inakufaa."

Inanifaa! Mimi! Ameona nini kwangu? Nilikuwa nimevaa mkufu. Nilikuwa nimevaa viatu vya Jumapili siku ya Jumatano! Nilimwuliza, kwa sauti ile ya bwenini, ametumia kigezo gani. Akaanza kueleza habari za mashimo na sindano, lakini sikumsikiliza, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama Cansilde.

Cansilde! Anatafuta nini kwenye duka la kompyuta, yeye ambaye tayari anayo? Tulikumbatiana mara tatu, kama inavyostahili watu wasiopendana. Kisha akaichukua ile ndogo. Akaigeuza. Akaipuliza vumbi. Akamwuliza Igor kwa sauti ya chini kama bado itakuwepo wiki ijayo.

Nilielewa kila kitu papo hapo. Mwanamke yule hajawahi kuchagua kitu kibaya maishani mwake. Sokoni hugusa nyanya moja moja mpaka muuzaji anaomba radhi. Kama anaitaka ndogo, basi ndogo ndiyo yenyewe, na Igor alikuwa anajaribu kunisaidia bila kujua heshima ya maneno.

Sikuinunua. Ningeinunua pale, Cansilde angejua kwamba naitaka, na hilo haliwezekani. Dawa ni yeye aache kuitaka.

Alhamisi, 6 Julai

Mazoezi ya kwaya. Katikati ya wimbo wa kuingilia nilishusha pumzi nzito. Claudette, anayeimba karibu yangu, aliniuliza nina nini. Claudette anauza sambaza, na habari ikiingia kwake inafika Goma kabla samaki hawajakauka. Nikamwambia sitaki kusema. Akanishika mkono. Nikasema.

Nilimwambia kuna mazabodi fulani kwa Igor, ile ndogo. Nasikia inakunywa umeme kupita kiasi. Unaingiza kashi pawa, umeme wa kulipia kabla, asubuhi, jioni mita inalia.

Si uongo. Nilisema "nasikia", na kweli nilijisikia nikisema.

Cansilde alikuwa mstari wa mbele. Masikio yalisimama wima. Aliingia wimbo kabla ya wakati, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nina furaha tele.

Jumamosi, 8 Julai

Leo amekuja shemeji Phocas, mdogo wa marehemu mume wangu. Anatengeneza injini za boti za wavuvi, na anaamini kwamba hakuna kitu duniani kisichoingia mahali pake ukikisukuma vya kutosha. Nimemteua fundi mkuu. Ameniletea kasha la kompyuta lililotupwa na hoteli moja ya ufukweni. Lina kutu na bado lina karatasi iliyoandikwa MAPOKEZI, lakini kasha ni kasha.

Kaja pia na habari kutoka sokoni Mahoko.

"Shemeji, batu banasema kwa Igor iko karite meri moja mubaya. Inakunywa umeme ya jirani! Inapita ndani ya ukuta!"

Ya jirani? Mimi sikusema jirani. Wala ukuta sikuutaja. Claudette ameongeza chumvi, na Mahoko wameipika upya. Nilimweleza Phocas kwamba karite meri ndiyo hiyo hiyo mazabodi, na kwamba hakuna mazabodi inayoweza kupita ukutani. Akanitazama kwa upole. Akasema ni kweli mimi nimesoma, lakini nimesoma zamani.

Siku mbili tu, na iko Mahoko! Enzi zangu nisingeruhusu uvumi wa namna hii uvuke mlango wa jiko. Hata hivyo lazima niseme umefanya kazi nzuri.

Jumapili, 9 Julai

Mkutano wa mudugudu, yaani kijiji chetu. Mkuu wetu, Habineza, aliongea kwanza habari ya mitaro ya maji. Kisha akakohoa na kusema kuna wasiwasi kuhusu umeme. Akaomba kwa heshima, kama kuna mtu mwenye kifaa kile nyumbani, ajitokeze. Mwishowe mzee mmoja alisimama akitetemeka na kukiri kwamba ana pasi.

Igor alikuwa ananisubiri njiani. Uso umemshuka. Alisema tangu Ijumaa hakuna mteja hata mmoja. Watu wanasimama ng'ambo ya barabara wanalitazama duka kana kwamba ndani kuna nyoka. Mkewe amemwuliza kama ni kweli. Mkewe mwenyewe!

"Madamu, watu wanakuheshimu. Plizi, waambie."

Nilimwonea huruma ya kweli. Na huruma ikinishika, akili yangu hufanya kazi haraka zaidi. Nikamwambia siwezi kutetea kitu nisichokijua. Aniletee ile ndogo nyumbani, niichunguze mwenyewe kwa siku chache, kisha nitasimama mbele ya watu.

Akakubali! Akanishukuru! Ataniletea kesho asubuhi kwa mikono yake mwenyewe, bila hata kuniomba faranga. Wenzangu waliopelekwa ubalozini sijui walinizidi nini.

Jumatatu, 10 Julai

Asubuhi: ndogo iko mezani kwangu, chini ya kitambaa cha kufuma. Ushindi.

Jioni: nilitoka kuanua nguo. Dirishani kwa Cansilde kulikuwa na kitu kinawaka. Chekundu. Kisha cha zambarau. Kisha kijani kama macho ya paka. Nilisimama na shuka mkononi mpaka ikaanguka vumbini.

Amenunua ile kubwa!

Claudette amenithibitishia. Cansilde alisikia habari za ndogo, akaogopa, akaenda kuchukua kubwa. Igor alikuja mwenyewe kumchomekea. Sasa watu wanasimama njiani kutazama rangi. Dereva mmoja wa moto, zile pikipiki za abiria, alisimama na abiria wake, na abiria hakulalamika.

Na mimi nina nini? Kiubao kisicho na hata taa moja. Nimekifunua na kukitazama muda mrefu. Swali linanichoma: kwa nini yeye auziwe kubwa, na mimi niambiwe ndogo ndiyo inanifaa?

Jumatano, 12 Julai

Balaa.

Igor, kijana mwaminifu kupita kiasi, amewatangazia wateja wake wasiogope tena. Ile ndogo haiko dukani. Iko kwa Madamu Donatha, anaichunguza.

Asubuhi alibisha hodi jirani wa nyuma. Mita yake imelia. Kisha wa mbele. Kisha mama mmoja wa kule chini karibu na ziwa, ambaye simjui kabisa. Yeye hakuwa amesikia mita, alisema anahisi tu kuvutwa. Niliwaeleza wote kwa utulivu kwamba mazabodi haijachomekwa popote. Imelala mezani kama sahani. Wakatazamana. Mama wa ziwani akasema ndiyo maana: ina njaa.

Mchana akaja Habineza, kofia mkononi. Alisoma mita yangu mara mbili. Mazabodi aliitazama akiwa mlangoni, hakuingia. Akaniomba, kwa heshima zote za mwalimu, niitoe ndani ya nyumba na kuiweka mbali na ukuta wowote. Kwa hiyo sasa iko bandani na kuku. Kuku nao wamejibana pembe ya pili. Wamesikia.

Sijatukanwa namna hii tangu nistaafu. Yeyote aliyeanzisha uvumi huu anapaswa kuona aibu.

Alhamisi, 13 Julai

Nimepata wazo, na ni zuri kuliko yote. Nitabadilishana na Cansilde! Yeye achukue ndogo na lawama zake, mimi nichukue kubwa na rangi zake. Kwamba ndogo bado si mali yangu ni jambo dogo kati yangu na Igor. Kazi ilikuwa moja tu: kumfanya Cansilde aitake tena.

Nilijifunga kitenge kizuri, nikachukua bakuli la mboga ya isombe, nikavuka ua.

Nilimwambia nimeichunguza ndogo kwa makini na zile habari za umeme ni porojo za watu wasiosoma. Nikamwambia haili umeme hata kidogo, huenda hata inaongeza. Nikamwambia daraja la kati lenyewe ndilo lile, la watu wenye utulivu. Hii ya kwake, kwa bahati mbaya, ni ya maonyesho. Mwanamke wa heshima kama yeye! Na taa zile dirishani! Nikasogea karibu na kumnong'oneza kwamba wapita njia wameanza kuuliza kama amefungua baa.

Hapo nilimpata. Alishika shavu. Akaniuliza kwa sauti ndogo sana kama kweli ningekubali kuiachia ile ndogo.

Nikajifanya kusita. Nikatazama dari. Nikasema basi, kwa ajili ya ujirani.

Akanikumbatia na kulia! Cansilde kulia begani mwangu! Alisema nimemwokoa, kwamba tangu Jumatatu hajapata usingizi. Kwa taa zile, bila shaka.

Tulibadilishana juu ya ua. Nilimpa ndogo ikiwa na unyoya mmoja wa kuku. Yeye alinipa kubwa ndani ya boksi lake, na mfuko wa maandazi juu. Maskini, hajui anachokipoteza. Nilirudi nyumbani nikiimba sauti ya kwanza, ambayo hata si yangu.

Ijumaa, 14 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Phocas alifika na zana za boti. Kwanza, kubwa haikuingia kwenye kasha. Ilizidi upande mmoja. Phocas hakushtuka, alilikata kasha kwa msumeno, na neno MAPOKEZI likabaki POKEZI. Sawa.

Kisha prosesa. Katikati ya kubwa kuna kifuniko cha chuma, na chini yake mahali pa kuikalisha prosesa. Nilitegemea kuona mashimo. Hapakuwa na mashimo. Palikuwa na sindano, nyembamba kama nywele, zimejaa pale zimesimama. Na prosesa yetu, kama nilivyoandika, ina vijiguu. Vijiguu juu ya sindano! Nilimwuliza Phocas kama haoni tatizo.

Phocas akasema hata propela hukataa mara ya kwanza. Akaiweka. Akaisukuma kwa kidole. Ikakataa.

"Shemeji, iko na haya tu," akasema.

Akaweka kiganja. Akaweka na mwili.

Ile sauti! Kama kukanyaga sambaza wakavu.

Phocas akajifuta mikono, akasema, "Bon. Sasa imeingia." Haikuwa imeingia. Vijiguu vilikuwa vimelala upande huu na sindano zimelala upande ule, kama wageni baada ya arusi.

Nilipanda moto nikaenda kwa Igor na kila kitu kwenye beseni. Alitazama, akatafuta kiti.

"Madamu, nilikuambia. Prosesa yako iko na miguu, inataka mashimo. Ndiyo nikasema ile ndogo inafaa."

Inafaa prosesa! Siyo mimi! Basi ndilo lile jambo la Mugabo! Sasa mtu atajuaje, kama muuzaji hasemi vizuri inamfaa nani au inafaa nini? Igor akaendelea, na heri angenyamaza. Kompyuta ya Nshuti iliungua mazabodi tangu mwezi wa tano, na prosesa yake ni ya miguu kama yangu. Mama Cansilde alikuja kutafuta ndogo. Uvumi ukamtisha, akachukua kubwa, ingawa Igor alimwambia haitaingia. Alitaka angalau taa ziwake dirishani, mjukuu akirudi kutoka shule ya bweni asikute giza. Tangu hapo, alisema Igor, mama yule amekuwa akisali apatikane mtu wa kubadilishana naye.

Mwezi wa tano! Yaani kwa Cansilde hapakuwa na kompyuta! Ikirezi angekuta nyumba mbili zisizo na kitu, na katika hizo, yangu ndiyo yenye kuku. Ningeshinda kwa kukaa kitini tu. Nani basi ameifufua kompyuta ile? Jina lake sitaliandika.

Mwishowe Igor aliuliza ndogo iko wapi. Nikamwambia uchunguzi unaendelea.

Jumamosi, 15 Julai

Amefika! Amerefuka, sasa ananipita kwa kichwa. Alishuka kwenye basi na mkoba mgongoni, akanikumbatia mpaka miwani ikapinda. Njiani nilikuwa naongea bila kituo, ili asisikie kitu tukikaribia nyumbani. Lakini alisikia. Kutoka kwa Cansilde malori yalikuwa yananguruma mlimani. Nshuti amerudi, na ndogo inafanya kazi kama kawaida.

Nilisema nimepika. Nilisema njiwa wameongezeka. Mimi sina njiwa.

Ikirezi aliingia sebuleni, akaona kitambaa cha kufuma kimeinuka mahali pasipopaswa, akakifunua. Kasha lililokatwa. Kubwa. Prosesa iliyolala ubavu. Alinitazama.

Nikamwambia ukweli wote, kwamba Phocas ameharibu kila kitu.

Akaniuliza kompyuta ilikuwa ya nini. Nikasema ya kuandikia barua.

"Bibi, na kadi ya picha je? Ya barua?"

Nikasema barua zenye picha.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaacha kucheka na kunitazama kwa namna ambayo sikuipenda, macho yakiwa yamelowa, akauliza kama nilikuwa naunda kwa ajili yake. Nikamwambia aende kunawa mikono, chakula kinapoa.

Baada ya kula nilisubiri avuke ua. Hakuvuka. Alikaa mezani akaomba sindano ya kushonea na miwani yangu ya kusomea. Alisema sindano za kubwa haziponi, zile zimekwisha. Lakini vijiguu vya prosesa, alisema, mtu akiwa na subira anaweza kuvinyoosha kimoja kimoja.

Jumanne, 18 Julai

Hali ni mbaya sana.

Tangu Jumamosi mtoto hajatoka nyumbani. Amekaa mezani na prosesa ile, mimi nimeshika tochi. Ananyoosha kijiguu, anapumua, ananyoosha kingine. Wakati huo huo ananitaka nisimulie mambo ya bwenini: msichana aliyeruka ukuta akaniangukia mikononi, yule aliyefuga sungura kabatini, usiku nilipowakamata watawa wakicheza karata. Anacheka, mkono unatikisika, inabidi tusimame. Jana alinyoosha mguu wake juu ya mapaja yangu akaendelea na kazi. Tumekula pamoja kila mlo. Nshuti ameita juu ya ua asubuhi, mchana na jioni. Kila mara Ikirezi anajibu kwamba yuko na Bibi, ana shughuli.

Likizo yote ya mtoto inapotea! Ananionea huruma, ni wazi. Ameniambia eti amempigia Igor simu, naye anatarajia ndogo nyingine mwezi ujao, tusiwe na haraka, yeye anapenda hivi hivi. Anasema kwa adabu. Mimi ndiye niliyemlea baba yake, najua adabu inavyoonekana.

Jana jioni mita yangu ililia. Na sasa ndogo iko upande wa pili wa ua. Sisemi kitu.

Lakini Mungu hamtupi mtu mwenye mipango. Leo saa sita alipita Vénuste, mfanyabiashara kutoka Goma, mwenye begi lenye magurudumu. Phocas ndiye aliyemleta. Ikirezi alikuwa anamalizia safu ya mwisho. Sikutaka aone, nataka iwe zawadi ya ghafla. Nikamwambia aende kwa Cansilde akacheze malori kidogo. Akasema hataki. Nikasema nimechoka, nataka kulala. Akasema atakaa kimya. Ilibidi nimshike mabega nimsukume hadi mlangoni. Alivuka ua akigeuka nyuma mara kwa mara. Cansilde alimpokea na maandazi.

Kisha Vénuste akafungua begi. Haijawahi kuonekana mazabodi kama ile! Kubwa kuliko kubwa. Ina mabomba.

"Mama, hii karite meri iko nguvu sana. Mu Goma muzima iko moja tu."

Nilimwuliza kama ni ya daraja la kati. Akafikiri, akasema ni ya kati, lakini kati ya juu. Nikajisikia nimeeleweka.

Tumebadilishana. Amechukua kubwa, kwa sababu taa zake bado zinawaka, na amechukua jogoo. Na ile prosesa pia. Alisema hii mpya haitaki prosesa ya miguu, inataka ya aina nyingine, ambayo ataniletea siku atakayovuka tena mpaka. Aliinua prosesa kwenye mwanga, akapiga mluzi. Alisema imenyooshwa vizuri mno, utadhani imetoka kiwandani. Nikamwambia ni kazi ya mjukuu wangu. Nilijivuna sana.

Phocas ameshapima kasha na kusema linahitaji kukatwa kidogo tu, pande tatu. Ikirezi bado yuko kwa Cansilde, namsikia anacheka huko. Angalau sasa anafurahi. Akirudi atakuta maajabu. Mazabodi hii, alisema Vénuste, haipozwi kwa feni kama zile za watu wengine. Inapozwa kwa maji.

Maji! Mji mzima huu, na hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. Shemeji Phocas ameshashuka ziwani na madumu mawili.